SOMO: Printa ya nyumbani na programu ya kuandikia, anza na hesabu ya karatasi

Wadau, habari za leo. Wengi mmeniuliza inbox "ninunue printa gani", na mimi kila mara nawarudishia swali: kwa mwezi unaprinti karatasi ngapi? Jibu la hilo ndilo linalochagua printa.

Hatua ya 1: Hesabu karatasi kwanza

Mimi niliiruka hatua hii. Nilichukua printa ya katriji (vile vikasha vidogo vya wino) kwa sababu ilikuwa ya bei ya chini kuliko zote dukani, nikarudi nyumbani kifua mbele. Mke wangu ni mwalimu, darasa lake lina wanafunzi 48, na mtihani ulikuwa karatasi mbili kwa kila mtoto. Hatujafika hata nusu, maandishi yakaanza kuwa ya kijivu, kisha yakapotea kabisa. Kumbe katriji nyingi zinazokuja ndani ya boksi huwa na wino wa kuanzia tu. Nikaenda kuulizia mpya, nyeusi na ya rangi, jumla yake ikakaribia bei ya printa yenyewe. Mtihani tukaumalizia steshenari.

Sasa tazama tofauti. Katriji nyeusi ya kawaida ya HP 305 inakadiriwa kutoa kurasa 120 hivi. Chupa ya wino mweusi ya Epson 103, ile ya mililita 65 inayotumika kwenye printa ya tenki ya L3250, inakadiriwa kurasa 4,500. Yaani chupa moja ni sawa na katriji 37. Na makadirio hayo hupimwa kwa ukurasa wenye maandishi ya kawaida. Ukiprinti picha ya harusi, usije kunidai.

Hatua ya 2: Chagua aina

Karatasi chini ya 20 kwa mwezi? Usinunue printa. Nenda steshenari, utaokoa hela na usumbufu.

Unaprinti kila wiki, na rangi unaihitaji (kazi za watoto, vipeperushi, kadi)? Chukua ya tenki. Epson EcoTank, Canon za G na HP Smart Tank zote zinajazwa kwa chupa. Bei ya kuanzia inauma, ila ukishaivuka unasahau habari za wino kwa muda mrefu. Onyo moja: ukishaijaza, usiilaze wala kuipindua. Wino humwagika ndani. Kuna watu wamehama nyumba na printa ya tenki juu ya bodaboda, wakafika na suruali ya rangi nne.

Kazi yako ni maandishi meusi matupu, au unaweza kukaa miezi miwili bila kuprinti? Leza. Tona ni unga, haikauki. Wino wa maji hukauka kwenye matundu ya kichwa (sehemu inayorushia wino kwenye karatasi), na hapo ndipo printa nyingi za nyumbani hufia.

Hatua ya 3: Dukani, usiondoke bila kuprinti

Mwambie muuzaji atoe ukurasa wa majaribio mbele yako. Kwa leza ya mtumba, omba ukurasa wa taarifa za mashine: nyingi huandika zimeshatoa kurasa ngapi. Ni kama kilomita za gari. Halafu geuza nyuma usome kibandiko cha umeme. Ukiona 110–127V peke yake, hiyo ilitengenezwa kwa soko kama la Marekani, ukiichomeka kwenye umeme wetu wa 230V utasikia "pu!" na harufu. Kebo ya USB pia ulizia, mara nyingi haimo kwenye boksi.

Hatua ya 4: Programu ya kuandikia

Hapa jiulize: faili lako litafunguliwa na nani? Kama ofisini wanatumia Word na mnarushiana faili la kuhaririwa kila siku, lipia Word. Kama unaandika barua, CV, mitihani na kuprinti mwenyewe, LibreOffice Writer inatosha, ni ya bure kihalali, na inafungua na kuhifadhi docx, yaani mafaili ya Word. Google Docs ni nzuri kwa kuandika watu wawili kwa pamoja, mradi bando lipo.

Kitu kimoja nasema bila kupepesa: achana na Word "iliyovunjwa" ya kwenye flashi ya fundi. Virusi vingi vinavyogeuza mafaili kuwa shotikati huingilia kwenye flashi hizo hizo.

Hatua ya 5: Weka A4 kabla ya neno la kwanza

Programu iliyowekwa kwa mipangilio ya Kimarekani huja na karatasi ya Letter, milimita 216 kwa 279. Rimu yako ni A4, 210 kwa 297. Matokeo yake printa inasimama inawakawaka taa ikidai karatasi, wakati trei imejaa. Kwenye Word nenda Layout, kisha Size. Kwenye Writer nenda Format, kisha Page Style.

MASWALI YA WADAU

Mkuu, naishi kwa sola na inveta ndogo. Leza itafaa?
Hapana, kaka. Leza huyeyusha unga kwa joto linalokaribia nyuzi 200, na kila inapopasha inavuta mamia ya wati kwa mkupuo. Inveta ndogo itazima. Hata UPS ya kompyuta usiichomekee leza. Ya tenki hutumia wati kumi na kitu tu ikiwa kazini.

Nimerudi likizo, printa yangu ya tenki inatoa mistari myeupe. Imekufa?
Bado, dada. Printi ukurasa wa kukagua matundu, kisha safisha kichwa kwa kutumia programu yake. Usizidishe mara tatu mfululizo, kila usafishaji unakula wino. Ikigoma, izime, iache ilale usiku mzima, ujaribu tena asubuhi. Baadaye printi japo ukurasa mmoja wa rangi kila wiki.

CV yangu ya LibreOffice imefika kwa mwajiri imevurugika. Kwa nini?
Fonti. Kompyuta yake ikikosa fonti uliyotumia, inaweka nyingine yenye upana tofauti, na mistari inasukumana. Kama hatakiwi kuhariri, mtumie PDF. Kitufe chake kipo juu kabisa kwenye Writer. Na acha kupanga maneno kwa kubonyeza spesi mara ishirini, mwalimu, hilo nalo nimeliona kwenye faili ulilonitumia.

Kila neno la Kiswahili linapigiwa mstari mwekundu.
Programu inadhani unaandika Kiingereza kibovu. Chagua maandishi yote, ubadilishe lugha iwe Kiswahili. Kwa Writer, ongeza kamusi ya Kiswahili kama haipo. Majina ya watu yataendelea kuwa mekundu, hayo yaache.