Kusoma wasifu wa seneta wa Kirumi kwenye jiwe: Lollius Urbicus wa Tiddis

Jiwe hili linatoka Tiddis, mji mdogo wa kilimani karibu na Cirta, ambayo leo ni Constantine, Aljeria. Limebeba vyeo vya Quintus Lollius Urbicus, mzaliwa wa huko Numidia aliyepanda hadi ukonsuli, cheo cha juu kabisa kwenye ngazi ya vyeo vya maseneta. Ukilimudu hili, mengi ya aina yake hayatakushinda, kwa kuwa mtindo wa kuandika ni ule ule.

Hatua ya 1: Tenga jina. Linaanza Q. LOLLIO M. FIL. QUIR. URBICO. Ile -O ya mwisho ina maana ya "kwa": kwa Quintus Lollius Urbicus, mwana wa Marcus, wa Quirina. Quirina huitwa "kabila", na hapo ndipo wengi hupotea. Si ukoo wala lugha, bali ni daftari la wapiga kura alimoandikishwa raia wa Kirumi.

Hatua ya 2: Tafuta orodha ya vyeo inaelekea wapi. Anza na cheo cha ujana. Kijana wa njia ya useneta alianzia kwenye mojawapo ya nafasi ndogo 20 mjini Roma. Hapa ni IIIIVIRO VIARUM CURAND., mmoja wa wanne waliosimamia barabara za jiji. Kipo karibu na mwisho, kwa hiyo orodha inashuka: kikubwa juu, kidogo chini.

Hatua ya 3: Igeuze, uandike kuanzia chini.

- Barabara za Roma.
- TRIB. LATICLAVIO LEG. XXII PRIMIGENIAE: afisa kijana wa lejioni (kikosi kikubwa cha jeshi la Kirumi) ya 22, kambi ya Mainz, Ujerumani ya leo. Laticlavius ni mwenye mstari mpana wa zambarau kwenye kanzu, alama ya daraja la maseneta.
- QUAEST. URBIS: kwestori, kwa kawaida akiwa na miaka 25. Nafasi zilikuwa 20 kwa mwaka, na ndizo zilizokuwa mlango wa Seneti.
- LEG. PROCOS. ASIAE: msaidizi wa gavana wa Asia, yaani magharibi mwa Uturuki ya leo.
- TRIB. PLEB., kisha PRAET.: tribuni wa umma (mtetezi wa watu wa kawaida), halafu pretori (hakimu mkuu), kwa kawaida kuanzia miaka 30. Vyote viwili vina CANDIDAT. CAESARIS, maana yake kaisari mwenyewe alimpendekeza. Kwa mtu wa mkoani hilo ni neno zito, usiliruke.
- LEG. LEG. X GEMINAE: kamanda wa lejioni ya 10.
- Legati, yaani mwakilishi mwenye madaraka, wa kaisari Hadrian katika vita vya Yudea (132 hadi 136), alikotunukiwa mkuki wa heshima na taji la dhahabu.
- COS., konsuli, kisha gavana wa Germania ya Chini.

Makosa mawili hujirudia hapa. La kwanza ni LEG. LEG.: ya kwanza ni legati, ya pili ni lejioni, wala fundi hakukosea. La pili ni gumu zaidi. COS. imetangulia Germania, na ukigeuza orodha kichwa kichwa utamfanya gavana kabla ya kuwa konsuli, jambo lisilowezekana kwa jimbo lile. Ukonsuli mara nyingi ulichomolewa ukawekwa mbele kabisa kwa heshima, kwa hiyo urudishe mahali pake. Ukuhani (FETIALI) nao uweke pembeni. Hauna nafasi ya uhakika kwenye ngazi ya vyeo.

PATRONO ni mlezi wa mji. D. D. P. P. inasema baraza la mji liliamua na fedha za umma zikalipa.

Hatua ya 4: Uliza nini hakipo. Uingereza haipo. Mawe ya Corbridge, kaskazini mwa Uingereza, yanamtaja akiwa gavana huko mwaka 139 na 140, wakati wa kaisari Antoninus Pius, ambaye jeshi lake lilijenga ukuta wa udongo wenye nyasi wa takriban kilomita 60 kukatiza Uskoti. Kwa hiyo jiwe la Tiddis lilichongwa kabla ya safari hiyo. Baadaye alikuwa mkuu wa jiji la Roma. Vyeo hivi viandike safu ya pili, kila kimoja na chanzo chake. Usivichomeke kwenye orodha ya jiwe.

Hatua ya 5: Hakiki kwa jiwe jingine. Karibu na Tiddis lipo kaburi la mviringo alilowajengea wazazi na ndugu zake. Baba anaitwa Marcus Lollius Senecio, mama Grania Honorata. M. FIL. imethibitika.