Turubai linalojipima lenyewe: kupanga picha za kanga kwa Inkscape

Wenye maduka ya kanga Darajani na Mchangani, mjini Zanzibar, wanataka picha moja yenye kanga zote za mzigo mpya, tayari kutumwa kwa wateja wa WhatsApp. Leo ni kumi, kesho kumi na tatu. Ukianza kwa kukisia ukubwa wa turubai, yaani ukurasa wa kuchorea katika Inkscape (programu ya kompyuta ya kuchora), utaishia na nafasi tupu chini au kanga iliyokatwa jina, na kanga isiyosomeka jina haiuziki. Fanya kama msusi wa mkeka wa Pemba anayeongeza ukili (utepe wa ukindu uliosukwa) mpaka upana utoshe: panga picha kwanza, turubai lifuate.

Hatua ya 1. Kanga huwa na takriban sentimita 150 kwa 110. Kata picha zote kwa uwiano huo kwenye simu, pindo zote nne zionekane.

Hatua ya 2. Ziingize kwa Ctrl+I, uchague kuzipachika ndani ya faili. Kila moja ipe upana wa pikseli 600 na kimo 440.

Hatua ya 3. Zipange tatu kila mstari, ukiacha pikseli 20 kati yake. Upana sasa ni 1840 na hautabadilika. Kanga kumi zinachukua mistari minne, kimo 1820. Ukifika mstari wa tano, kimo kinaongezeka 460.

Hatua ya 4. Bonyeza Esc ili kusiwe na kitu kilichochaguliwa, kisha Ctrl+Shift+R. Ukurasa unajikaza kuzunguka kazi yako yote. Ukiwa umechagua kanga moja tu, utaikumbatia hiyo moja na nyingine zitabaki nje.

Hapa ndipo pa kuelewa vizuri. Programu haiangalii picha yenyewe. Inatafuta ukingo wa kushoto kabisa, wa kulia kabisa, wa juu na wa chini wa vitu vyote, kisha inachora mstatili mmoja unaovifunika. Kwa hiyo kipande kidogo cha maandishi ya bei kilichosahaulika mbali kinatosha kuuvuta ukurasa mara mbili ya ukubwa wake. Kivuli chenye ukungu nacho kinahesabiwa, na unene wa mstari wa fremu pia. Ukiona ukurasa mkubwa kuliko ulivyotarajia, bonyeza 4: mchoro wote utaonekana na mkosaji utamwona pembeni. Mfute, urudie Ctrl+Shift+R.

Hatua ya 5. Pambizo. Fungua sifa za hati kwa Ctrl+Shift+D, ongeza 80 kwenye upana na 80 kwenye kimo: 1920 kwa 1900. Chagua vyote, viunge kwa Ctrl+G, uvipeleke katikati ya ukurasa. Weka na rangi nyeupe ya nyuma unaposafirisha. Faili ya picha ya PNG isiyo na rangi ya nyuma huonekana nyeusi kwenye simu zenye mandhari ya giza.

Hatua ya 6. Safirisha kwa Ctrl+Shift+E. Nukta 96 kwa inchi zinatoa pikseli zilezile ulizopanga. Picha ulizopachika bado zina ukubwa wake wa asili, hivyo 192 itakupa herufi za jina kali zaidi.

Kwa karatasi, usitumie njia hii. Duka la chapa likitaka A4, weka kwanza milimita 210 kwa 297, halafu uamue ni kanga ngapi zinaingia.