Kabla masika hayajaanza: kujipanga kwa ajili ya akili na moyo

Masika yakikaribia tunazibua mitaro, tunapandisha magodoro na kuhamisha gunia la mchele. Nani atamshughulikia aliyeshtuka, aliyefiwa au asiyelala, hilo huachwa mpaka siku yenyewe, na siku hiyo hakuna mwenye kichwa cha kufikiri.

Anza na dawa. Kama nyumbani yupo anayetumia dawa za kifafa au za maradhi ya akili, hiyo ndiyo kazi ya kwanza. Dawa ya kifafa ikikatishwa ghafla, kifafa kinaweza kumwangusha mfululizo. Na mtu aliyetulia miaka kwa dawa anaweza kurudiwa na maradhi akizikosa. Mwombe daktari akiba kidogo. Zitie kwenye kopo lenye mfuniko wa kukaza, pamoja na kadi ya kliniki na karatasi yenye jina la dawa, miligramu na saa za kumeza. Ipige picha karatasi hiyo umtumie ndugu anayeishi mbali.

Wapemba wana la ziada. Hospitali ya wagonjwa wa akili, Kidongo Chekundu, iko Unguja, na bahari ikichafuka boti hazivuki, kama ilivyokuwa Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipokaribia. Basi ulizia mapema hospitali iliyo karibu nawe, iwe Wete, Chake Chake au Mkoani: mhudumu wa afya ya akili yupo siku gani? Na anayeona haya, maana jina la Kidongo Chekundu watu wamelifanya tusi, aanzie kituo cha afya cha mtaani kwake.

Jueni pia lipi la kawaida. Kukosa usingizi, kushtuka kwa kelele ndogo, kulia au kushindwa kulia, hayo wengi huwapata wiki za mwanzo na hupungua yenyewe. Mpe mtu maji, nguo kavu, habari za kweli, msaidie kuwapata jamaa zake. Usimlazimishe kusimulia yaliyomkuta. Mwezi ukipita bila nafuu, mpelekeni hospitali. Akisema bora afe, msingoje hata kesho: asiachwe peke yake, dawa na sumu ziondolewe karibu naye, aonwe siku hiyo hiyo.

Msiba wa baharini una uzito wake. MV Spice Islander I ilipozama tarehe 10 Septemba 2011, na MV Skagit tarehe 18 Julai 2012, zipo familia ambazo hazikupata maiti ya kuzika. Bila kaburi, moyo hubaki mlangoni ukisubiri. Kubalianeni kabla nani atafuatilia orodha ya majina bandarini, ili mama mtu asizunguke peke yake, na nani atarudi kuwatazama wafiwa baada ya hitma, majamvi yakishakunjwa. Kwa maoni yangu hapo ndipo tunapolegea zaidi. Mjane aliye edani hatoki ovyo, kwa hiyo afuatwe nyumbani. Akihitaji daktari, hiyo ni dharura, na sheikh mnayemwamini aulizwe hilo mapema.

Kisomo na dawa vinakwenda pamoja. Anayekwambia utupe vidonge ndipo akusomee, mkimbie. Na picha za maiti zinazorushwa kwenye makundi ya simu, zifute bila kuzisambaza; huenda mwenye mtu wake bado hajaambiwa.

Watoto hawasemi, huonyesha: mtoto aliyekwisha kuacha anarudia kukojoa kitandani, au hataki kubanduka kwa bibi yake. Asigombezwe. Mrudisheni skuli mapema iwezekanavyo, na mwalimu aambiwe. Namba 116, ya huduma kwa mtoto, ni bure kupiga. Itieni kwenye simu zaidi ya moja, maana ya mama huenda ndiyo iliyoingia maji.