SOMO: Kupanga kurasa za ndani za kitabu unachojichapishia

Wakuu, kuna vitabu vingi hadithi yake ni nzuri kabisa ila ukifungua ndani macho yanachoka mapema, na hapo shida sio mwandishi, ni mpangilio. Kwa riwaya ya kawaida Word au LibreOffice inatosha, twende.

1. Amua saizi kwanza. A5 ni milimita 148 kwa 210, inafaa vitabu vingi. Ukija kubadili mwishoni kila kitu kinahama.

2. Safisha faili. Washa alama zilizofichika (Word ni Ctrl+Shift+8, LibreOffice ni Ctrl+F10) utaona space mbili mbili, tab, na Enter kumi za kusukuma sura ukurasa mwingine. Futa zote, sura mpya inaanzishwa kwa Ctrl+Enter.

3. Staili (Styles), yaani muundo unaouhifadhi kwa jina na kuutumia popote. Staili moja ya jina la sura, moja ya aya ya kwanza isiyoingizwa ndani, moja ya aya zingine zinazoingia kama milimita 5. Ukitaka kubadili fonti unabadili sehemu moja tu kitabu kizima kinafuata.

4. Pambizo, yaani nafasi tupu za kingo za ukurasa. Chagua Mirror margins (LibreOffice ni Mirrored), ili kurasa mbili zinazotazamana zifanane kama kwenye kioo. Mi huanza na ndani milimita 20, nje 15, na kitabu kikiwa kinene ya ndani naongeza, maana gundi inameza maneno na msomaji hatakiwi kupambana na kitabu ili asome. Fonti pointi 11, nafasi ya mistari pointi 14 au 15, mstari uwe na herufi kama 55 hadi 70.

5. Kukata maneno, na hapa ndo wengi wanaharibu. Maneno yetu ni marefu, “wanaoshughulikia” peke yake ni herufi 16, sasa ukinyoosha maandishi pande zote mbili neno kama hilo lisipokatwa linarukia mstari wa chini, yaliyobaki juu yanavutwa mpaka yanaacha mashimo. Na lugha ya faili ikiwa imewekwa Kiingereza unaweza kukuta “kitam-bulisho”, inaudhi kweli. Weka lugha iwe Kiswahili, na kama programu yako haijui kukata Kiswahili basi zima ukataji wake, pitia mistari yenye mashimo ukate mwenyewe kwa Ctrl na kistari. Kistari hicho kinaonekana pale tu neno linapofika mwisho wa mstari. Kata baada ya irabu: kita-mbulisho, wanaoshu-ghulikia. Usitenganishe sh, gh, ny wala ng'. Hii ifanye mwisho, uhariri ukishaisha.

6. Toa PDF yenye fonti zote ndani, picha ziwe dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi), afu printi kurasa chache uzisome kwenye karatasi maana skrini inadanganya.

MASWALI

– Mkuu namba ya ukurasa inatokea mpaka kwenye ukurasa wa jina la kitabu, naitoaje?
Kwenye Word nenda Layout, Breaks, chagua Odd Page kabla ya sura ya kwanza, afu kwenye footer (sehemu ya chini ya ukurasa) ya sura hiyo zima Link to Previous. Ukishazima ndo ufute namba za kule mbele.

– Mpiga chapa kakataa kurasa zangu 197, anasema hazikai. Kwanini?
Karatasi moja ina pande mbili kwahiyo witiri haiwezekani, na wengi wanakunja mafungu ya kurasa 8 au 16. Muulize lake ni lipi, la 8 utafika 200, la 16 utafika 208. Zinazobaki weka maelezo ya mwandishi.

– Dada yangu ana diwani, mishororo ya mizani 16 haienei kwenye A5, apunguze fonti?
Nusu pointi sawa, ila iwe kwa mashairi yote. Ikigoma, avunje pale ukwapi (kipande cha kwanza cha mshororo) unapoishia, utao (kipande cha pili) ushuke chini ukiingia ndani kidogo, na afanye hivyo kwa kila mshororo ili vina vya kati navyo vionekane. Asinyooshe pande zote mbili, mashairi yapangwe kushoto.