Vifaa vidogo vya usalama kwa rubani wa glaida, hatua kwa hatua

Wadau, huu mwongozo nawaandikia nyie mliojiunga na klabu za glaida huku Ujerumani, Austria au kokote mlipo, iwe bado mnafundishwa kwa winchi (mashine ya chini inayoivuta glaida kwa kamba ipae) kwenye ASK 21, glaida ya mafunzo ya viti viwili, au mmeshapata leseni na sasa mnaanza kwenda mbali na uwanja peke yenu. Ndege isiyo na injini haikupi nafasi ya kurudi juu kujaribu kutua tena, kwahiyo vitu vidogo vinabeba uzito mkubwa sana. Vingi nitakavyovitaja ni bei ndogo, kimoja ni karibu bure. Kanuni yangu ni hii: kifaa cha usalama kiwe kimefungwa mahali pake kabla hujapaa, na mkono wako ukifikie ukiwa umeshakaza mikanda yote. Kikiwa kwenye begi nyuma ya kichwa, hesabu kwamba huna.

Hatua ya 1: Uzi wa kwenye kanopi (kifuniko cha kioo juu ya rubani)

Anza na huu, tena leo. Chukua uzi wa sufu, ule wa kufumia sweta, mwekundu au mweusi uonekane vizuri, kata sm 10 mpaka 15. Osha kanopi kwa maji safi na kitambaa laini, usiisugue ikiwa kavu maana vumbi litaichuna. Kaa kwenye kiti kama unavyokaa ukiruka, mwenzako asimame mbele ya pua akusaidie kupata katikati kabisa, alafu bandika ncha ya mbele kwa kipande kidogo cha tepu ulichokata kona zake ziwe duara ili upepo usizinyanyue. Ncha ya nyuma iachwe huru. Glaida ya viti viwili, kila kanopi na uzi wake.

Kuusoma ni rahisi. Uzi ukinyooka katikati, ndege inakwenda sawa na hewa. Mkia wa uzi ukilalia kulia, kanyaga pedali ya kushoto, ukilalia kushoto kanyaga ya kulia. Basi. Ndugu Wright walikuwa nao kwenye glaida yao ya 1902, na mpaka leo glaida za mamia ya maelfu ya yuro zinaruka na kipande hichohicho cha uzi.

Sasa kwanini naung'ang'ania hivi. Kona inayoua marubani wa glaida ni ile ya mwisho kabla ya kutua. Umechelewa kugeuka, uko chini, miti unaiona mikubwa, unaogopa kulaza bawa zaidi kwasababu ardhi iko karibu, basi mguu unaanza kusukuma pedali ili pua izunguke haraka, wakati huohuo mkono unavuta stiki (fimbo ya kuongozea) maana pua inataka kushuka. Bawa la ndani linapoteza mwendo, linaacha kubeba, ndege inaanza kuzunguka kama skrubu na kimo cha kuirudisha huna. Kabla ya hayo yote uzi ulikuwa umeshalala pembeni unakuonya. Kile kigololi cha kwenye dashibodi nacho kinaonyesha, lakini ukitaka kukisoma lazima macho yaingie ndani, wakati uzi uko palepale unapoangalia nje. Mvua ikinyesha uzi unaganda kwenye kanopi, hapo ndio urudi kwenye kigololi. Ukishachakaa ubadilishe, usisubiri klabu ifanye.

Hatua ya 2: Pini, vitambaa vyekundu na kigari cha mkiani

Glaida nyingi za miaka ya 1970 na 1980 zinaunganishwa kwa viungo vya L'Hotellier, kile kikombe kinachobana gololi ya chuma ukiunganisha ailaroni (vibao vya bawa vya kuilaza ndege) na breki za anga (vibao vinavyoinuka juu ya bawa). Kiungo kinaweza kuonekana kimekaa kumbe hakijajifunga. Kuna tundu dogo la kupitisha pini ya usalama, na pini ikikataa kuingia maana yake kiungo hakijafunga, usiilazimishe, fungua uanze upya. Nunua pini za akiba uziweke kwenye kisanduku cha vifaa vya kuungia, zinapotea kila siku.

Baada ya hapo mtu mmoja akiwa nje ashike ailaroni kwa mkono, mwingine ndani asukume stiki taratibu, aliye nje akaze kidogo. Fanyeni hivyo kwa kila sehemu: ailaroni, eleveta (ya kupandisha na kushusha pua), breki, usukani wa mkiani. Kuangalia tu kwamba inatikisika haitoshi, maana kiungo kilicholegea nacho kinatikisa kidogo.

Kigari cha mkiani, kile cha kukokotea ndege uwanjani, kifungie utepe mrefu mwekundu. Ukipaa nacho uzito unahamia nyuma na ndege inaweza kukataa kutii. Vifuniko vya mirija ya hewa ya kupimia mwendo navyo viwe na utepe mwekundu. Na kama mko kwenye winchi, yule anayefunga kamba aangalie rangi ya kipande cha kukatika, kile kinachokatika chenyewe kamba ikivuta kupita kiasi. Vile vya Tost kila rangi ina nguvu yake, nyeusi 1000 daN (kama uzito wa kg 1000), kahawia 850, nyekundu 750, bluu 600, nyeupe 500, kwahiyo linganisha na kitabu cha ndege yako. Rubani nawe uliza, hata kama uko na haraka.

Hatua ya 3: Kiti, mto na mikanda

Hapa naona watu wanachukulia poa sana. Mtu mfupi anachukua sponji laini la sofa anaweka chini na mgongoni ili afikie pedali. Sponji la aina hiyo ni hatari mara mbili.

Kwanza, winchi inapovuta unasukumwa nyuma kwa nguvu, sponji la mgongoni linabonyea lote, mwili unarudi nyuma, na mkono ulioshika stiki unarudi nao au haufiki tena. Tena ni wakati ambao pua inapanda na kimo hakuna. Pili, ukitua kwa kishindo sponji laini linabonyea lote mara moja bila kuzuia chochote, kiti kimeshasimama lakini mwili bado unashuka, ukigonga chini ni uti wa mgongo unaopokea. Uti wa mgongo ndio unaovunjika mara nyingi kwenye ajali za glaida za kutua vibaya.

Tafuta mto wa povu zito linalomeza nguvu, unauzwa na maduka ya vifaa vya glaida, unene wa sm 2.5 hivi unatosha kuanzia. Kulipima ni kwa mkono: bonyeza kwa dole gumba polepole, linazama, lipige ngumi, linakuwa gumu, na ukiachia linarudi taratibu. Kwenye baridi linakuwa gumu zaidi, usishtuke. Ukitaka kusogea mbele tumia kitu kigumu mgongoni, sio sponji. Ukikaa juu zaidi cheki kichwa kisiguse kanopi.

Mikanda, anza na ya kiunoni. Ilale kwenye mifupa ya nyonga, kaza mpaka useme sasa basi, ndio ufuate ya mabegani. Ukianza na ya mabegani inavuta kifungo cha mkanda kuja juu tumboni, na kwenye kishindo unateleza chini ya mkanda. Kama ndege ina mkanda wa tano unaopita katikati ya miguu uutumie, kazi yake ni hiyo.

Dada zangu na vijana wembamba, someni kibao cha uzito kilichobandikwa kokpiti. Glaida nyingi zinataka angalau kama kg 70 kiti cha mbele, parashuti ikiwemo. Ukipungua, ongeza vipande vya uzito vya madini ya risasi vya ndege hiyohiyo, vifungwe kwa skrubu au pini mahali pake palipotengenezwa. Jiwe kwenye begi hapana, chupa za maji hapana, kitu kikihama kikaingia chini ya pedali mambo yameisha. Na usione aibu kupanda mzani mbele ya watu, mwalimu mzuri atakuheshimu.

Hatua ya 4: Parashuti

Kabla ya kuvaa soma karatasi yake, tarehe ya kukunjwa mara ya mwisho na mpaka lini inafaa. Marekani ni siku 180, huku Ulaya unafuata alichoandika mtengenezaji, mara nyingi mwaka mmoja. Angalia pini za nyuma ziko sawa na mpini wa kuifungulia uko kwenye mfuko wake. Usiiache juani, usiiweke kwenye majani yenye umande, usiibebe kwa kushika mpini.

Kaza mikanda ya miguuni hata kama inakubana ukitembea. Na tabia moja naomba muishike: kila ukitua, fungua mikanda ya ndege, toka nje na parashuti mgongoni, ndio uivue ukiwa umesimama. Wengi wanafungua vyote wakiwa wamekaa kwasababu ni rahisi, lakini mikono inajifunza inachofanya kila siku, na siku ya hatari mikono hiyohiyo itafungua na parashuti. Tahadhari moja, baadhi ya parashuti za klabu zina kamba inayonasa kwenye ndege ili zijifungue zenyewe ukiruka, hizo ndoano yake uichomoe kabla ya kutoka, la sivyo utaimwaga parashuti yote uwanjani.

Mpangilio wa kuruka nje ya ndege ni kanopi, mikanda, toka, vuta mpini. Sema kwa sauti ukiwa umekaa chini hangani, gusa kila kimoja, alafu rudia umefumba macho, maana ndege ikiwa inazunguka hutapata muda wa kutafuta mpini mwekundu uko wapi.

Ongeza kisu kidogo cha ndoano cha kukatia mikanda, kile chenye makali ndani tu kisichoweza kukuchoma. Kishonewe kwenye mkanda wa kifuani wa parashuti, lakini muulize kwanza fundi anayeikunja. Ukininginia kwenye mti, au mkanda ukikataa kufunguka, ndio utakijua.

Hatua ya 5: Kuona na kuonekana

FLARM ilianza Uswisi 2004 na sasa iko kwenye glaida nyingi sana za Ulaya. Inapima ulipo kwa GPS, inatangaza kwa redio unakoelekea, na inakupigia kelele kama wewe na mwenzio mnaelekea kugongana. Ila wale wasio na chochote haiwaoni, kwahiyo shingo iendelee kugeuka. Hakikisha programu yake imesasishwa angalau mara moja kwa mwaka, na antena ikae juu ya dashibodi, sio nyuma ya kaboni maana kaboni inazuia mawimbi.

Glaida nyeupe kwenye mawingu meupe haionekani, ndio maana watu wanabandika karatasi ya kung'aa kwenye pua, au taa ndogo inayomweka mbele ya kanopi. Miwani ya jua ijaribu kwanza ukiwa chini, zile za polaroidi kuna skrini zinafanya nyeusi kabisa. Kofia iwe laini, ukingo mfupi wa kuzunguka. Kapelo yenye ukingo mrefu wa mbele inakuziba kuona juu, tena ile yenye kifungo cha chuma utosini iache nyumbani, ukirushwa na hewa kichwa kinagonga kanopi na kifungo kinaingia kwenye ngozi.

Hatua ya 6: Maji, mkojo na oksijeni

Naunganisha maji na mkojo makusudi. Watu hawanywi maji kwasababu wanaogopa kubanwa, saa ya nne wakiwa hewani akili inazembea, na uamuzi mgumu kuliko wote, wa kutua, unakuja mwishoni wakiwa wamekauka. Kwahiyo tatua mkojo kwanza: kuna mifuko yenye jeli inayogandisha, kuna mirija, na kuna nguo za kunyonya zinazowafaa sana wanawake. Jaribu nyumbani ukiwa umekaa nusu kulala kama kwenye ndege. Ukishapata kinachokufaa utakunywa maji bila woga. Tumia mfuko wa maji wenye mrija unaofika mdomoni, sio chupa inayobingirika.

Ukienda sehemu kama Bitterwasser kule Namibia, msimu mzuri watu wanafika m 4,000, hata 5,000. Mimi naanza oksijeni m 3,000, sisubiri dalili za kukosa oksijeni, kwasababu dalili ya kwanza ni kujiona uko sawa. Kile kifaa cha kubana kidoleni kinachosoma oksijeni ya damu ni bei ndogo, kibebe.

Hatua ya 7: Bikoni na mfuko wa shambani

Nunua bikoni binafsi ya 406 MHz, kifaa kidogo cha kurusha ishara ya kuomba kuokolewa. Ni ghali kidogo, lakini haina malipo ya kila mwezi. Setilaiti za Cospas-Sarsat, mfumo wa kimataifa wa uokoaji, zinaipokea, na inatakiwa irushe ishara angalau saa 24. Zile za zamani za 121.5 MHz peke yake setilaiti ziliacha kuzisikiliza tarehe 1 Februari 2009, kwahiyo mtu akikuuzia kwa bei ya kutupa, kataa. Isajili kwa jina lako na namba za ndugu wawili wanaoshika simu. Ifunge kwenye parashuti au mfuko wa suruali unaofungwa zipu. Ikiwa imebandikwa kwenye ndege na wewe umeruka, itawaonyesha waokoaji ndege iko wapi, sio wewe.

Mfuko wa shambani, wa siku utakayolazimika kutua nje ya uwanja, uwe mdogo: pawabenki, tochi, bandeji, kamba na vigingi vya kufungia bawa, na shuka jeupe. Shuka ni la kufunika kanopi, maana ukiiacha wazi juani inaweza kukusanya miale ya jua sehemu moja kama lenzi na ikaunguza kiti. Ukitua shambani salama piga simu klabu mara moja, kabla mpita njia aliyeona ndege ikishuka hajaita helikopta. Na bikoni ukiibonyeza kwa bahati mbaya usiizime ukanyamaza, izime, alafu wapigie watu wa uokoaji uwaambie uko salama.