Kumwanzishia mtoto hadithi za ajabu na za kisayansi: utaratibu ninaoutumia Dodoma

Jirani yangu hapa Ilazo ana watoto wawili, mmoja darasa la tatu na mwingine la sita. Aliwanunulia riwaya ya Kiingereza ya safari za angani, wakaiacha ukurasa wa pili. Huu ndio utaratibu niliompa.

Hatua ya kwanza: anza na vya kwetu

Mtoto aliyekua na hadithi za zimwi hahitaji kufundishwa kuamini ajabu. Mpe *Adili na Nduguze* cha Shaaban Robert (1952). Ndugu wawili wamegeuzwa manyani, na Adili analazimika kuwachapa kila usiku. Mtoto atataka kujua kwa nini, na hapo umeshampata. Wa darasa la sita aendelee na *Kusadikika* (1951), nchi inayoelea angani, ambako Karama anajitetea mahakamani kwa kusimulia habari za wajumbe sita. Mjumbe mmoja kwa jioni moja anatosha.

Hatua ya pili: pata kitabu

Baada ya vya kwetu, nenda kwa waandishi wa zamani wa riwaya za kisayansi. Jules Verne na H. G. Wells wanapatikana bure kwenye tovuti ya Project Gutenberg. Chapisha sura moja moja stationari. Simu siipendi kwa kazi hii, kwa sababu kila ujumbe unaoingia unamtoa mtoto kwenye hadithi. Filamu nayo isubiri mpaka kitabu kiishe, mtoto ajijengee picha zake kwanza.

Verne aliandika kwa Kifaransa, kwa hiyo angalia nani amemtafsiri. Kwa kitabu cha Nahodha Nemo na nyambizi yake, chombo kinachosafiri chini ya bahari (*Twenty Thousand Leagues Under the Seas*), chukua tafsiri ya F. P. Walter. Ile ya Lewis Mercier ya karne ya 19 ilikata karibu robo ya kitabu.

Hatua ya tatu: simulia kwa Kiswahili kabla ya kusoma

Hapa ndipo wazazi wengi wanapokwama. Wanafungua kitabu na kuanza kutafsiri papo hapo. Wanasita kila sentensi, watoto wanasinzia, kisha lawama inaangukia kitabu.

Soma sura peke yako siku moja kabla. Pembeni andika nani anataka nini, nini kinamzuia, na utakatisha wapi. Katisha kwenye hatari, kamwe si baada yake. Kesho yake usiwarudie mambo ya jana, waache wao wakukumbushe.

Amua mapema utaviitaje vitu. Ukisema nyambizi, iwe nyambizi hadi mwisho. Majina ya watu yaache yalivyo, Nemo abaki Nemo.

Orodha ndefu za samaki za Verne ruka bila huruma, lakini usiruke namna mitambo inavyofanya kazi. Nyambizi ya Nemo inaendeshwa kwa umeme, na kitabu kilitoka 1870, kabla taa za umeme hazijazoeleka majumbani. Mtoto anayejua LUKU ikiisha nyumba inaingia giza atauliza huo umeme unatoka wapi chini ya bahari. Jibu limo kitabuni: betri za sodiamu inayotolewa kwenye maji ya chumvi. Kwangu mimi swali hilo lina thamani kuliko sura nzima, kwa hiyo jiandae nalo.

Watoto wengi wa huku hawajaona bahari. Kama wamefika bwawa la Hombolo, anzia hapo: waambie maji hayo yawe ya chumvi, yajae na kupwa kila siku, na ng'ambo isionekane. Bila hivyo Nemo hana pa kujificha.

Kuhusu hofu, kuwa mwangalifu na Wells. *The Time Machine* (1895) ina viumbe wanaotoka ardhini usiku na kula watu. Mimi huiacha mpaka sekondari. *The War of the Worlds* (1898) inafaa mapema kidogo, ukipunguza habari za damu. Wavamizi kutoka Mirihi wanashindwa na bakteria ambao miili yao haikuwahi kukutana nao, na mtoto aliyefundishwa vijidudu shuleni ataelewa mara moja. Usimdokezee mwisho huo.

Sura ikishasimuliwa, mpe zile karatasi za Kiingereza. Sasa atasoma, maana anajua anachokitafuta.

Hatua ya nne: mwezi

Subiri kiangazi, mbingu iwe safi, umeme ukikatika ndiyo vizuri zaidi. Tokeni nje na riwaya ya Verne ya 1865 ya safari ya mwezini, *From the Earth to the Moon*: watu watatu wanarushwa kwa mzinga kutoka Florida. Mwaka 1969 chombo cha Apollo 11 kiliondoka Florida hiyo hiyo kwenda mwezini, na watu watatu. Kisha muulize mzinga ungewafanya nini abiria. Ungewaua kwa mshtuko wa kuondoka ghafla, ila mwache afike hapo mwenyewe.

Hatua ya tano: achore

Mpe karatasi tupu, na usimsahihishe. Ukipata nafasi, mpeleke Kolo, wilayani Kondoa, akaone michoro ya miambani iliyoingia Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Wamo watu warefu wembamba wenye vichwa vya ajabu, na kila mtoto huja na maelezo yake. Pitieni kwanza ofisi ya mambo ya kale pale Kolo mpate mwongozaji. Vaeni viatu vya kupandia mlima na mbebe maji ya kutosha.