Kurekodi mnyama anayeteswa bila kumwanika mtu

Fuso la ng'ombe limekwama foleni Barabara ya Pugu, Dar es Salaam. Ng'ombe mmoja kaanguka, wenzake wanamkanyaga. Kabla hujawasha kamera, jiulize unamrekodia nani: afisa mifugo au kundi la WhatsApp? Kila mmoja ana nakala yake.

Ya afisa isiguswe. Kwenye mipangilio ya kamera ruhusu eneo, kisha rekodi sekunde 30 hadi 60 bila kukata: gari zima na namba zake, halafu sogea kwenye kidonda au kamba iliyomkata, umalizie na kitu cha kutambulisha mahali. Nyamaza, ukitukana, kesi itageuka kuwa ya matusi yako. Ukiituma kama video ya kawaida, WhatsApp inaibana na eneo lililohifadhiwa ndani linapotea, kwa hiyo itume kama hati, pamoja na tarehe, saa na mtaa. Apewe afisa mifugo wa kata au polisi. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ipo tangu 2008, na namba ya gari ina kazi kwao kuliko kwa watu 200 wa kundi.

Nakala ya kundi ndiyo yenye mitego. Aliyeshika fimbo mara nyingi ni kijana wa kibarua. Sura yake ikisambaa, mwenye mzigo anabaki kivulini. Toa picha moja kutoka kwenye video, ikate abaki mnyama, kisha funika sura na namba kwa kisanduku cheusi kilichojaa. Usitumie kalamu ya kuangazia: hata ukipaka mara tatu, mtu akiongeza mwanga wa picha anasoma kilichopo chini. Kwenye banda la kuku tazama pia ukutani, maana lipa namba, ile ya kulipia kwa simu, huwa imebandikwa hapo na jina la mwenyewe. Ukilazimika kutuma video, ondoa sauti. Sura inafichwa vizuri, halafu nyuma mtu anaitwa kwa jina lake kamili. Tangu Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inafanya kazi, na sura ya mtu ni taarifa yake.

Kuchinja je? Damu peke yake si ukatili. Angalia kama kisu ni butu, au kinanolewa mbele ya mnyama, jambo ambalo mafundisho ya Kiislamu yenyewe yanakataza. Ukiandika hivyo, mchinjaji atakusikiliza. Ukiandika "washenzi", umeshatukana dini ya jirani. Kuku wanaoning'inizwa miguu juu kwenye bodaboda ni mazoea tu, hakuna mila inayoyadai. Kuku hana kiwambo kinachotenga kifua na tumbo, hivyo matumbo huelemea mifuko ya hewa na kupumua kunakuwa shida. Tenga linatosha kabisa.

Mwisho, angalia kama simu inapandisha picha zenyewe kwenye albamu ya familia. Ile isiyofunikwa huwa inatokea huko.